Uliza Ujibiwe: Mikoko, mlakasa na kazi ya kujitolea pwani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotoa muda wao bure kurudisha mimea ya asili kwenye matope na fukwe za Tanga na Bagamoyo. Tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Nyingi zinaanza na "tulipanda" na kuishia na "ikafa", basi tuanzie hapo.

Shikamooni. Kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko karibu elfu tatu kwenye tope lililo wazi mbele ya mikoko mikubwa, upande wa bahari. Tulichagua pale kwa sababu pana nafasi ya kutosha. Kufika mwezi wa tatu imebaki ya kuhesabu kwa vidole. Tatizo ni mbegu au ni sisi?
*Katibu wa kikundi cha vijana, Kaole, Bagamoyo*

Marahaba, Katibu. Mbegu hazina kosa. Tatizo ni mahali, na hayo maneno "pana nafasi" ndiyo yanayotutia shaka. Mbegu za mkoko hudondoka kwa wingi kila mwaka na maji huzisambaza kila pembe. Pale mbele yenu pangefaa, pangekuwa pameshaota bila kumsubiri mtu. Tope likibaki tupu miaka nenda miaka rudi huku mikoko imesimama hatua chache nyuma yake, ujue lina sababu.

Mikoko huishi kwenye ukanda mwembamba, kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi pale maji ya bamvua kubwa, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapoishia. Mche uliopandwa chini ya ukanda huo hukaa majini muda mrefu kupita uwezo wake. Kipimo cha kukumbuka ni theluthi: mche usifunikwe na maji zaidi ya theluthi moja ya muda wote, yaani wastani wa saa 8 katika saa 24. Ukizidi hapo, mizizi hukosa hewa na majani hupakwa tope. Vichaza vyeupe navyo huganda shinani hadi mche unalala kwa uzito. Mkiutazama mtadhani umeng'olewa na mawimbi, kumbe ulikuwa hoi siku nyingi.

Kabla ya kupanda tena, pimeni urefu wa ardhi. Hamhitaji chombo cha gharama. Chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi wa kusawazisha levo, urefu wa mita 15 hivi, na fimbo mbili zilizotiwa alama za sentimita. Jazeni maji na mhakikishe hakuna povu wala hewa ndani, maana kipovu kimoja tu hudanganya kipimo chote. Mmoja asimame kwenye mkoko mchanga wenye afya ulio mbele kabisa kuelekea baharini, uliojiotea wenyewe. Mwingine asimame mnapotaka kupanda. Kila mmoja asome urefu kutoka ardhini hadi usawa wa maji ndani ya mpira. Wa kwanza akisoma sentimita 60 na wa pili 95, mahali penu pako chini kwa sentimita 35. Msipande hapo. Kama eneo ni mbali, pimeni kwa kuruka: fimbo ya nyuma inahamia mbele, hesabu inaendelea. Sentimita 35 si kitu machoni, lakini kwenye tope lenye mteremko mdogo ndizo zinazotenga msitu na bahari.

La pili, angalieni kama hapo pana majani ya baharini, yale yanayolala maji yakipwa. Kama yapo, ondokeni kabisa. Hayo ni malisho na makazi ya samaki wadogo, na kupanda mkoko juu yake ni kuharibu kitu kizima ili kuweka kingine kitakachokufa.

La tatu, kwa nini mkoko wenyewe peke yake, wakati msitu wa mikoko una miti ya aina nyingi? Tunajua jibu: mbegu yake ni ndefu, inaokoteka, inachomekwa, picha inapigwa, siku imekwisha. Lakini mstari wa mbele kabisa kwenye pwani yetu kwa kawaida ni wa mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake na kando ya mahori, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Msinzi na mkandaa hufuata kuelekea nchi kavu. Mchu ni mvumilivu kuliko wote. Utaukuta mbele penye mchanga na tena nyuma kabisa penye chumvi kali. Mkomafi na msikundazi hupenda maji yaliyochanganyika na ya mto, kama kwenye midomo ya Ruvu, Wami na Pangani.

Badala ya tope la mbele, tafuteni mapengo yaliyokatwa ndani ya msitu. Hata huko, kwanza hesabuni miche iliyojiotea. Mkikuta wastani wa mche mmoja kila mita 2, pengo litajijaza. Kazi yenu iwe kuulinda usikanyagwe na ng'ombe wala watu.

Je, lazima tupate kibali wakati tunapanda tu, hatukati?
*Msomaji, Mlingotini*

Lazima. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 haimruhusu mtu kuingia na kufanya atakalo kwa sababu nia yake ni njema. Anzeni na serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za pwani), kisha ofisi ya TFS ya wilaya. Wasomaji wa mwambao wa Tanga wajue pia kwamba sehemu kubwa ya pwani ya kusini mwa jiji imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, yenye uongozi wake. Mbali na sheria, wavuvi wanajua wanapopitisha ngalawa na akina mama wanajua wanapookota chaza. Mkipanda njiani kwao miche itang'olewa, na hamtakuwa na wa kumlaumu.

Tunaokota mbegu chini ya miti halafu nusu haioti. Tutajuaje iliyokomaa?
*Mwalimu wa klabu ya mazingira, Pangani*

Mwalimu, ya chini si mbaya yote, ila haichaguliki kwa macho ya haraka. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti, ndiyo maana inaning'inia ndefu vile. Ikikomaa, pale inapoungana na tunda lake hutokea pete ya rangi ya njano. Ukiigusa kidogo inaachia. Ukilazimika kuikunja au kuivuta, iache, bado. Chagua zilizonyooka, za kuanzia sentimita 40 au 50, zisizo na mikunjo ya kunyauka. Mkandaa nao huonyesha pete ya njano, lakini mbegu yake ni nyembamba, yenye mifuo, urefu wa kiganja na zaidi. Msinzi ni nene na fupi; ikiiva hugeuka rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na wekundu.

Kisha zipitishe mkononi moja moja. Ukiona tundu dogo la ncha ya sindano lenye unga unga kando yake, humo mna mbawakawa mtoboaji. Itupe mbali na nyingine. Mbegu moja yenye mdudu katika gunia inatosha kuambukiza gunia zima, na hili wengi hawaliangalii. Itupe pia iliyovunjika ncha ya chini, maana ndipo mizizi inapotokea.

Mchu una namna yake. Tunda lake ni dogo, bapa, kijani cha kijivu. Liloweke kwenye ndoo kwa siku moja. Ganda linavuliwa na maji lenyewe. Lisilovuka ganda halijakomaa. Mbegu ya mchu haihifadhiki, basi ipandwe ndani ya siku mbili tatu. Ya mkoko inakaa hadi wiki moja kivulini, imelazwa na kufunikwa makuti mabichi au gunia lenye unyevu. Usiianike wala usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, huchemka ikaoza.

Kuhusu msimu, tazama mti kuliko kalenda. Miti ya hori moja hutofautiana na ya hori la pili kwa wiki kadhaa.

Mbegu inazama kiasi gani ardhini?
*Msomaji, Tanga mjini*

Mkoko, theluthi ya urefu wake. Mkandaa na msinzi, sentimita 5 hadi 7. Ncha yenye chipukizi ielekee juu. Vijana wageni huigeuza, kwa hiyo waonyesheni kabla hawajaingia topeni. Toboa kwanza kwa kijiti kisha ingiza mbegu na ubane tope kwa vidole. Kuichoma kwa nguvu huchubua ncha ya mizizi na mche hufa baada ya wiki chache bila sababu ya kuonekana. Nafasi ya mita 1 kwa 1 inachukua miche 10,000 kwa hekta, ya mita 2 kwa 2 inachukua 2,500. Sisi tungechagua ya pili palipotulia, na ya kwanza penye mawimbi, ili miche ikingane.

Kitalu chetu cha mikoko kipo nyuma ya nyumba, tunamwagilia maji ya bahari. Majani yamekuwa ya njano na udongo una ukoko mweupe. Tunamwagilia kidogo au sana?
*Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Kigombe*

Mama Mwenyekiti, ukoko huo ni chumvi. Maji ya bahari yakimwagwa kwenye kiriba, maji hupaa na jua, chumvi inabaki, na kesho mnaongeza nyingine. Baharini bamvua ingeiosha. Nyuma ya nyumba hakuna wa kuiosha. Mwagieni maji ya kisima yasiyo na chumvi mara mbili tatu mfululizo hadi yatoke chini ya kiriba. Baada ya hapo changanyeni ndoo moja ya maji ya bahari na moja ya kisima. Na mtazame matundu ya viriba. Mara nyingi yameziba kwa tope, maji yametuama, mizizi inaoza huku juu panaonekana pakavu.

Kama mnaweza kuhamisha kitalu, tafuteni mahali tambarare palipojificha upepo, ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu. Bahari itawafanyia nusu ya kazi ya kumwagilia. Udongo ni tope la palepale mtakapopanda, na mchanga kidogo likiwa zito mno. Samadi haina kazi hapa. Kiriba cha upana wa sentimita 10 na kina cha 15 hadi 20 kinatosha kwa mkandaa, msinzi na mchu. Mkomafi una mbegu kubwa na mizizi ya haraka, upewe kikubwa zaidi.

Kivuli cha makuti kizuie kama nusu ya jua. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguzeni makuti kidogo kidogo hadi yaishe, na mpunguze maji. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja hadi kwenye jua la kaskazi huungua majani wiki ya kwanza. Mchu uko tayari ukifika sentimita 30, miezi 3 au 4. Mkoko, ukiwa na majani manne. Mlilana ni mvivu: mbegu zake ni ndogo mno, husiwa juu ya tope laini bila kufukiwa sana, huhamishiwa kwenye viriba zikiwa na majani manne hadi sita, na zinahitaji nusu mwaka na ziada.

Siku ya kupanda, kiriba kichanwe, kitolewe, kirudi nyumbani kwenye gunia. Tumeona maeneo ambako plastiki ni nyingi kuliko miche.

Kaa wanakata miche usiku. Mwenzetu mmoja anashauri tutie dawa kwenye matundu yao.
*Kaka wa kujitolea, Mkinga*

Msitie. Matundu ya kaa ndiyo yanayopitisha hewa na maji topeni. Mkiwaua, mnaua msitu mnaoutaka. Dawa yenyewe itaishia kwenye kamba na samaki mnaowala.

Kaa hupenda mbegu mbichi yenye sukari nyingi. Ya mkoko ilazeni kivulini siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda, utamu unapungua na ngozi inakuwa ngumu. Pakizidi, pandeni miche ya kitalu iliyofika nusu mita na kuanza kuwa na shina gumu, badala ya mbegu. Kwenye sehemu ndogo yenye kaa wengi sana, kipande cha mwanzi kilichotobolewa pande zote mbili, urefu wa sentimita 30, huvishwa mche na kukandamizwa topeni. Ni kazi kubwa, haifai kwa eneo pana.

Kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa miaka mingi. Tumepanda humo mara mbili, hakuna kilichopona. Tubadilishe aina ya mti?
*Msomaji, Tanga*

Badilisheni maji kwanza. Kuta za shamba la chumvi zilijengwa makusudi ili maji yasitoke, na zinaendelea kufanya kazi hiyo hata mwenye shamba akiondoka. Humo ndani mvua hutuama wakati wa masika na chumvi hukauka wakati wa kaskazi. Hata mchu hauwezi maisha hayo.

Tafuteni mkondo wa zamani. Wazee wanaukumbuka, na picha za angani huonyesha alama yake iliyojipinda hadi leo. Bomoeni ukuta pale mkondo ulipokatwa, hadi chini kabisa, upana ule ule wa mkondo ulio nje. Msibomoe kila mahali: maji yakipata njia nyingi hukosa nguvu, mkondo haujichimbi, na tope hujaa. Udongo mnaoutoa utumike kuziba mitaro ya pembeni ambayo ingetuamisha maji. Kisha msipande. Acheni masika moja yapite, bamvua iingie na kutoka. Maji yakikauka vizuri kila yanapopwa na ukoko mweupe ukatoweka, mtaona mchu unaanza wenyewe kingoni. Usipoonekana kwa sababu hakuna miti mama jirani, hapo ndipo mlete miche. Kubomoa kuta kunahitaji ruhusa ya maandishi hata kama shamba halina mtu. Umiliki wake huwa haujafutika.

Ufukwe wetu unaliwa. Tumeambiwa tupande mivinje. Je, ni sahihi?
*Mjumbe wa kamati ya mazingira, Pangani*

Mvinje unakinga upepo, hilo hatulikatai. Lakini majani yake makavu hutanda chini na mimea mingine haipenyi, kwa hiyo mchanga wa juu unabaki bila kitu cha kuushika, na mizizi yake huwasumbua kasa wanaokuja kuchimba kutaga. Wimbi likifika, mti mkubwa unaanguka na kuondoka na kipande cha ufukwe. Nyinyi wa Pangani mna mfano usiohitaji kuelezwa wa mchanga kuliwa na bahari: Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti na mazalia makubwa ya kasa, leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa.

Mstari wa mbele mpeni mlakasa, ule mtambaazi wa maua ya zambarau. Kata vipande vya sentimita 40 hivi kutoka kwenye mitambaa iliyokomaa, si ile ncha laini. Chimba mfereji wa kina cha kiganja, laza kipande, fukia vifundo viwili au vitatu na uache ncha yenye majani nje. Kila kifundo kilichofukiwa hutoa mizizi. Nafasi ya nusu mita hadi mita moja inatosha. Pandeni mwanzoni mwa masika, juu ya mstari wa takataka zinazoachwa na bamvua, na mmwagilie wiki mbili mvua ikisuasua. Uzio wa makuti wa kimo cha goti, mbele yake, hunasa mchanga. Makuti yasibanane, upepo upite, la sivyo mchanga huchimbika chini ya uzio.

Nyuma ya mlakasa wekeni mkadi na mtondoo. Mbegu ya mtondoo ina ganda gumu: ikipandwa nalo huchukua karibu miezi 2 kuota, likivuliwa bila kuumiza kiini huota kwa wiki 3 hivi. Mbuzi wafungwe miezi sita ya mwanzo. Hapo hatuna mbinu nyingine.

Naweza kutoa Jumamosi moja tu kwa mwezi, na sina ujuzi. Nitasaidia nini?
*Muuguzi, Bagamoyo*

Dada, wa kupanda ni wengi. Wa kutazama baada ya kupanda ni haba. Chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa sababu bamvua ikipwa kwenye pwani yetu maji huwa chini kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ingia saa 3, toka kabla ya saa 6. Wiki ya maji mafu utakuta tope halifunuki vya kutosha. Vaa raba za kufunga kwa kamba. Buti la mvua hunaswa topeni mguu ukatoka peke yake, na peku utakatwa na chaza.

Kazi ya kwanza ni mikono. Ondoa mwani, nyavu chakavu na mifuko iliyozonga miche, kwa kuanzia juu na kufungua, si kuvuta. Magogo yanayoelea yasogezwe nje, maana kila maji yakijaa hugeuka kuwa nyundo. Mche ulioinama usimamishe na kubana tope. Vichaza vichache shinani usivibandue kwa kisu, utachubua gome. Vikiwa vimejaa, andika; ni dalili kwamba mahali ni chini mno. Usikanyage mizizi ya mchu inayochomoza kutoka ardhini, ndiyo pua zake.

Kazi ya pili ni daftari. Kikundi kiweke viwanja vitatu au vinne vya mita 10 kwa 10, pembe zake zikiwa na vigingi. Kila ziara hesabu iliyo hai, iliyokufa na mipya iliyojiotea, pima kimo cha miche 10 ile ile, na mwisho andika sababu ya vifo kwa neno moja: kaa, mchanga, ng'ombe, maji, haijulikani. Katika mwaka wa kwanza rudini mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12 tangu kupanda, ziara nyingine ziwe za usafi. Mfadhili akiuliza mmepanda mingapi, mpeni hesabu ya mwezi wa 12.

Mapengo hujazwa mara moja tu, masika yanayofuata, kwa aina ileile au inayoonekana kustawi jirani. Yakifa tena mahali palepale, funga daftari la kupanda hapo na ulete ule mpira wa maji.